Tundu la Oili

Kwako Dada mpendwa,

Pokea salamu zetu. Natumaini wewe na shemeji mu wazima, na kile kikohozi cha mtoto kimepoa. Sisi hatujambo, ila mimi nimechoka hoi. Mgongo umenigomea, na weusi wa mikono hautoki hata kwa sabuni ya unga. Wewe uliyekulia gereji utanielewa.

Lile lori la kokoto, ambalo injini yake Baba aliifunga kabla ya mvua, lilirudi likivutwa kwa kamba. Mwenye lori alikuja amenuna, akasema lilianza kugonga, likakosa nguvu, mwisho likazimika njiani. Nikafungua. Kemshafti, ile shafti inayosukuma valvu, ilikuwa imekwanguka vibaya. Bushi yake moja, ile pete inayoishikilia, ilikosa oili, ikashikana na shafti, ikazunguka nayo na kuila bloku yenyewe, mwili wa injini. Bloku nyingine haipatikani, basi ikabidi tuiokoe hiyo hiyo.

Mchongaji wa vyuma alilipanua lile tundu la bloku lililoliwa mpaka likawa duara tena, akaisawazisha shafti, akanitengenezea bushi nene zaidi. Nilipoipachika nilipitisha waya kwenye tundu lake la oili hadi ndani ya bloku, kama Baba alivyotufundisha. Kisha nikaingiza shafti, nikaizungusha kwa vidole. Ikagoma. Nikaitoa, nikaikwangua bushi kidogo, nikairudisha, hivyo hivyo hadi nikachoka hata kulalamika. Jana imekubali, na injini inanguruma vizuri.

Sasa Dada, jambo lenyewe. Bushi ya jirani, ambayo haikuzunguka, ilikuwa imepachikwa upande, tundu lake la oili limezibwa karibu lote. Baba huyu huyu aliyekuwa akitufinya masikio kwa kosa dogo kuliko hilo.

Mwenye lori alipotaka kujua nani kaharibu, nilisema ni mimi. Baba akanijia juu mbele ya watu, akasema hajui ufundi huu wa ovyo nimeurithi kwa nani.

Macho yake yamekwisha, Dada. Anafanya kazi kwa kupapasa. Barua zako namsomea mimi, kwa kuwa eti miwani imepotea, nayo inaning'inia shingoni mwake. Na ameshakubali kazi ya breki za basi la wanafunzi. Nimemdanganya kwamba vipuri havijafika, lakini kila asubuhi ananiuliza. Kila nikitaka kumwambia ukweli, najikuta nimeomba spana. Naogopa, na nimechoka kuogopa.

Wewe anakusikiliza. Usimwandikie, njoo mwenyewe umpeleke kwa daktari wa macho kabla sijaishiwa uongo.

Msalimie shemeji, na mtoto umkumbatie kwa niaba yangu. Baba naye anakusalimu. Yuko hapa ubavuni mwangu, ameinamia karatasi hii, na anasema siku hizi mwandiko wangu umetengemaa.

Ni mimi mdogo wako,
Kifunga Mimba