Milioni Moja na Moja

Kaka Mwangi,

Sasa mimi ni mzee kuliko ulivyowahi kuwa, na bado naona haya kukuandikia.

Ulikuwa mwalimu kijana huko Othaya. Shule yenu ilipofungwa wakati wa Hali ya Hatari, ukarudi kwetu karibu na Gakindu, katika kijiji tulichohamishiwa kwa nguvu, kimezungushiwa handaki na miti iliyochongwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili, sina shule, na hakuna kwenda popote bila kibali. Ukanipa namba: 1,000,001.

"Tafuta namba, mbali na moja na yenyewe, inayoigawanya bila kubakiza kitu," ukasema. "Ikikosekana, hiyo ni namba tasa."

Ukanionyesha kwamba inatosha kujaribu namba tasa zisizozidi elfu moja, maana elfu mara elfu tayari ni milioni. Mbili na tano tuliziacha, kwa kuwa namba yetu inaishia na moja. Tatu ikabakiza mbili. Saba ikabakiza mbili. Kumi na moja, kumi na tatu, mbili tena! Ulicheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Niliandika yote kwa penseli kwenye karatasi ya sukari. Nilipofika tisini na saba, nafasi ikaisha. Ukaikunja, ukaitia mfukoni mwa koti lako. "Nitaipitia. Kesho tuanze na mia moja na moja."

Alasiri hiyo msako ukatufikia. Homugadi, mlinzi mweusi wa serikali ya mkoloni, alikupekua, akaitoa karatasi, akafoka mbele ya afisa wake mzungu:

"Hii ni hesabu gani? Ati milioni? Mko na wapiganaji milioni huko msitu?"

"Ni hesabu ya shule, bwana."

"Shule gani, na shule imefungwa? Nani ameandika?"

Ulinitazama mara moja tu. "Ni mimi."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwako. Nikaificha penseli nyuma ya mgongo. Lori likakupeleka upande wa Nanyuki. Mama alipopata kibali akatembea hadi Nyeri kukuulizia, akaambiwa jina lako halimo kwenye orodha. Alirudi tena na tena. Jibu lilikuwa lile lile.

Miezi ikapita kabla sijashika penseli. Mia moja na moja iliigawanya sawasawa, ikatoa 9,901, hakikubaki kitu. Tulibakiza hesabu moja tu, kaka. Nililia kwa sababu sikuwa na wa kumwonyesha.

Mume wangu, ambaye ni yeye tu anayejua, hunifariji kwamba wangekuchukua hata kama ningesema. Labda. Sijui, na hakuna wa kumuuliza.

Mama alizeeka akinung'unika, "Mwangi na karatasi zake! Aliandika ya nini?" Alikulaumu mpaka siku alipofariki, nami nimemshika mkono. Sikumwambia.

Pumzika, kaka, popote walipokulaza.

Mdogo wako,
Wanjiru