Tikiti Ndani ya Soksi

Kaka Hatem,

Sisi huku Mawaleh, Maskati, wazima, ila joto. Picha ya tikiti lako nimeiona, linaning'inia bustanini kwako Uingereza ndani ya soksi ndefu ya mkeo lisije likaanguka. Unasema huwezi kuja Maskati mpaka liive, na jua la huko halieleweki.

Mama haoni vizuri tena, na kila siku anakuulizia. Juzi nilinunua tikiti sokoni, nikamwambia umemletea wewe. Akala vipande vitatu, akajifuta mdomo.

"Mazoon," akasema, "tikiti la nchi ya baridi haliwi tamu hivi. Mwambie kakako lake alile huko huko. Mimi nnamtaka yeye, hata akiwa mbichi."

Basi mwachie jirani alimwagilie maji, nawe uje.

Nduguyo asiyejua kuongopa,
Mazoon