Kikohozi cha Mzee Melkior

Jumatatu, 9 Juni

Likizo imeanza na nimepata kazi! Mwalimu Sylvanus alinipeleka ukumbi wa parokia, akamwambia dada wa filamu: huyu Verdiana anasoma vizuri kuliko redio, ila usimtegemee kuongea. Wote wakacheka. Mimi niliangalia viatu.

Dada Leticia ametoka Dar. Haigizi na hapigi picha. Kazi yake ni kutafuta watu. Anapewa hadithi, halafu anazunguka mikoani mpaka ampate mtu ambaye hadithi inamtaka. Sikujua kama kuna kazi ya namna hiyo duniani. Hapa Mpanda anamtafuta bibi wa miaka sitini hivi, mjane, anayeweza kuwachekesha watu huku wanalia.

Mimi naandika majina na kumpa kila mtu karatasi yenye namba aishike kifuani. Kisha nakaa kando ya kamera na kusoma maneno ya mjukuu, ili anayejaribiwa apate wa kujibizana naye.

"Usiigize," dada Leticia alinionya. "Ukiigiza nitakuangalia wewe."

Hilo naliweza. Kutoangaliwa nimezoea.

Jumatano, 11 Juni

Leo watu sabini na tatu. Hadithi ni ya mjane shambani, lakini wote wamekuja na vitenge vya harusi na wanja. Mama mmoja alijiangusha chini na kulia kabla hajataja jina lake. Zakayo wa bodaboda naye alipanga foleni, amepaka Viksi chini ya macho ili machozi yatoke. Jean Bosco, mpiga kamera, alimwuliza: kaka, wewe ni bibi wa nani? Zakayo akasema msinidharau, mkishindwa kabisa nivalisheni kilemba!

Dada Leticia hamwambii mtu hapana. Anasema, "Asante sana, tutakupigia." Halafu kwenye orodha yangu anaweka nukta ndogo mbele ya jina. Nukta ndiyo hapana. Kwa hiyo mimi najua kabla mtu hajafika mlangoni. Jirani yetu mama Pudensiana alinishika mkono nje, akanong'ona: mwanangu, nimepita? Nukta yake nilikuwa nimeshaiona. Nikasema watakupigia.

Nimesema kwa urahisi sana. Sijapenda.

Alhamisi, 12 Juni

Nukta tupu. Jioni dada Leticia alikaa kwenye benchi, akavua viatu, akasema kama anajisemea: yaani Mpanda nzima hakuna hata mmoja?

Nikafungua mdomo. Mimi!

Nilimweleza habari za bibi Dorotea anayeuza dagaa sokoni. Ni mtani wa ukoo wa kina Scola, rafiki yangu wa darasani. Mwezi wa nne, kwenye msiba wa baba yake Scola, mzee Melkior, alivaa koti na kofia ya marehemu, akapita katikati ya waombolezaji akitembea kama yeye. Alikohoa mara mbili, akapandisha suruali, akauliza, "Nyie watoto! Redio yangu nani ameigusa?" Sauti ileile. Scola alikuwa hajala siku mbili. Alicheka mpaka akashika mbavu, ndipo akalia vizuri, ndipo akala.

Dada Leticia akavaa tena viatu vyake.

"Verdiana," alisema, "wewe una jicho. Unajua watu wangapi Dar wanalipwa kwa jicho hilo, na hawana?"

Nimetembea mpaka nyumbani sioni barabara. Una jicho. Hakuna mtu amewahi kuniambia kitu kama hicho.

Ijumaa, 13 Juni

Bibi Dorotea amekuja na harufu ya dagaa na kelele zake. Alipoona kamera akasema, hilo bomba la maji nani atalifunga nikimaliza? Alisoma maneno ya mjane vizuri, lakini kwa woga kidogo. Dada Leticia akamwambia: mama, sasa fanya kile ulichofanya msibani. Kile cha mzee.

Bibi akashusha sauti. Yeye!

"Ile ni ya msibani, mwanangu," alisema. "Pale wenyewe wapo, na mimi nina haki yangu. Hapa wenyewe hawapo."

Dada Leticia hakumlazimisha. Aligeuka tu akanitazama mimi, mara moja. Naandika ukweli hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kuusoma. Nilisema mimi. Nilisema, "Bibi, ni kidogo tu. Hakuna atakayejua."

"Ni wewe unayesema, mjukuu wangu?"

"Ndiyo, bibi."

Basi akaomba koti la Jean Bosco. Kikohozi mara mbili. Suruali. Redio. Jean Bosco alicheka mpaka kamera ikatikisika. Watu dirishani walipiga makofi. Dada Leticia hakuweka nukta. Alichora mduara.

Mimi nilicheka pia. Halafu nikatafuta Scola wa kulia, hayupo. Kicheko kikabaki peke yake, kama matusi.

Jumapili, 15 Juni

Ijumaa Zakayo alikuwa dirishani na simu yake, akarekodi. Video ameituma kwenye grupu la vijana wa kata ya Kawajense, na wao wametuma kwingine. Ameandika: MZEE MELKIOR AMEFUFUKA. Na vikaragosi vya kucheka, vingi.

Baada ya misa wavulana walikuwa wanakohoa. Mara mbili. Scola anapita, wanakohoa.

Alinikuta nyuma ya kanisa, akaegemea bega langu kama tunavyokaa darasani, dawati moja tangu kidato cha kwanza. Alisema mama yake amejifungia chumbani. Alisema msibani bibi Dorotea aliwarudishia baba kwa dakika tano, sasa amemgawa kwa kila mtu. Halafu:

"Wewe ulikuwepo ukumbini, Verdi. Nani aliwaambia habari za msiba wetu?"

Nikasema watu walikuwa wengi.

Watu walikuwa wengi! Sikusema uongo. Ndiyo ubaya wake.

Jumatatu, 16 Juni

Sijala. Mama anadhani ni malaria, amenipeleka kupimwa. Hakuna wadudu.

Jumanne, 17 Juni

Nilikwenda sokoni. Meza ya bibi Dorotea ilikuwa na dagaa mpaka juu, na hakuna anayenunua. Wateja wanasimama meza ya jirani na kusema kwa sauti, sisi hatuli cha anayeuza maiti.

Hakunikaripia. Alinifungia dagaa kwenye gazeti, akasema mpelekee mama yako. Nilimwomba msamaha kwa sauti ndogo hata mimi sikuisikia vizuri. Akasema:

"Mdomo uliokohoa ni wangu. Mimi ni mtani, najua mipaka kuliko wewe. Nilitaka kuonekana, mjukuu wangu. Miaka yote nachekesha watu wenye macho mekundu, hawanioni vizuri."

Dada Leticia amempigia kutoka Sumbawanga: amepita, nafasi ni yake, upigaji picha unaanza Agosti. Ila mwenye filamu amesikia kuna ugomvi. Familia isiposamehe, watamchukua mwingine. Alhamisi ukoo wa kina Scola wanamwita kwenye kikao. Wakisema ametukana kaburi, hataingia tena kwenye msiba wa mtu wao yeyote. Mtani asiyeitwa msibani! Bibi alisema hilo ndilo linalomnyima usingizi, filamu baadaye.

Nikamwuliza, utawaambia ni mimi?

Akaanza kupanga dagaa upya. 

Alhamisi, 19 Juni, mchana

Naandika hapa kwa kina Scola, chini ya paa la jiko. Nimekuja na daftari hili kwa sababu nilidhani nitakaa nje na Scola, tumenye viazi, nisikilize kwa mbali.

Kikao kilipoanza, baba mkubwa wa Scola, mzee Aloyce, alitoka mlangoni. Wanataka mtu wa kuandika muhtasari, miwani yake imevunjika. Scola akasema, Verdi anaandika vizuri kuliko wote shuleni. Akanisukuma mgongoni kwa upendo.

Kwa hiyo nimekaa ndani saa nzima na daftari la ukoo. Wazee sita, mama yake Scola amejifunika khanga, bibi Dorotea kwenye mkeka, miguu ameinyoosha kama mfiwa. Nimeandika kila kitu. Mwandiko wangu mzuri. Mzee Aloyce aliuliza: ulijipeleka mwenyewe kwa watu wa filamu, au uliitwa? Kama ulijipeleka, hayo ni matusi. Kama kuna aliyekupeleka, aje hapa tumsikie, na kosa lako litakuwa nusu.

Bibi hakuniangalia hata kidogo. Aliangalia mkeka.

"Nilijipeleka," alisema.

Mama yake Scola akaanza kulia. Mzee Aloyce akanigeukia: andika, mwanangu, hivyohivyo alivyosema.

Nikashika kalamu. Wote wakawa wananitazama, wazee sita na mjane na bibi. Nikasema naomba nitoke kidogo, wino umegoma. Haujagoma. Ndio huu ninaoandikia.

Swali nimeliandika. Chini yake ni patupu. Scola ameacha viazi, ananiuliza mbona nimetoka, bibi amesema nini? Ndani mzee Aloyce anaita jina langu. Anaita mara ya pili. Nimemwambia Scola aweke kisu chini, twende wote wawili, jibu alisikie kutoka kwangu.