Kitabu cha Wavulana Tu

Jumatatu, 3 Februari

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Leo paredini Mkuu wa shule ametangaza kampeni. Wavulana hawasomi! Ndiyo kwanza wamegundua. Wanashinda kwenye simu, macho yamewatoka, insha zao hazifiki nusu ukurasa. Hayo mimi ningewaambia bure tangu darasa la nne. Na dawa? Mfadhili ameleta maboksi ya vitabu vipya, kila kimoja kina stika ya buluu, na stika ya buluu maana yake wavulana tu. Mpaka muhula uishe. Kila mvulana lazima aazime kitabu, na kila Ijumaa wachache watatajwa wasimame mbele ya shule nzima waeleze walichosoma.

Na sisi je? "Nyinyi wasichana mnasoma tayari," akasema, tena anatabasamu kama katupa zawadi. "Waachieni wenzenu nafasi."

Mapumziko nikakimbilia maktaba. Mwalimu wa maktaba ameshika karatasi ya stika, anabandika hata vitabu vya zamani. Chochote chenye safari, mashine, vita au mpira — buluu. Changu nilikuwa nacho mkononi. Kile cha mpima ardhi aliyeko jangwani na mwongozaji wake wa njia, mwongo. Nimefika pale mwongozaji ametoroka na maji yote! Mwalimu akanyoosha mkono. Nikamwambia nimebakiza nusu. Akasema mwanangu, amri haitoki kwangu. Akabandika huku namwangalia.

Mimi ndiye yule anayejibu baadaye, kwenye karatasi.

Rafu tuliyoachiwa: mapishi, ushonaji, na kamusi iliyonyofolewa kurasa za mwisho.

Jumatano, 5 Februari

Simu zimekatazwa darasani. Sasa vitabu vimepata kazi! Yule wa dawati la mbele amesimamisha chake wima, simu kaificha katikati, midomo inacheza kama anasoma. Mwalimu wa hesabu kapita, kampigapiga begani: safi sana, kijana. Nyuma wawili wameweka vyao sakafuni kuwa magoli, wanapiga mpira wa karatasi. Karatasi yenyewe imetoka wapi? Sitaki kujua.

Nawachukia. Mmoja mmoja na kwa ujumla.

Alhamisi, 6 Februari

Kitabu changu kiko nyumbani kwetu! Na siwezi kukigusa.

Kimeazimwa na Chaji. Chaji ni mtoto wa mama mkubwa. Yupo kwetu tangu mama yake alipoenda kufanya kazi nje, tunasoma darasa moja, na jina kalipata kwa sababu akiingia nyumba yoyote, kabla ya salamu anauliza soketi iko wapi. Simu yake alitumiwa na mama yake. Ni nzuri kuliko kila kitu sebuleni kwetu, nikiwemo mimi.

Nimemkuta mezani. Kitabu kimesimama, simu imeegemea kitabu, kwenye simu kuna mtu anacheza gemu na Chaji anamtazama. Hachezi yeye! Anamtazama mtu anacheza. Juu ya jalada, alama ya duara ya kikombe cha chai.

Nikamwomba, kwa adabu. Akasema, "Profesa, hiki ni kiti cha simu yangu. Simu ikae chini?"

Nikaenda kwa Mama. Mama akasema mwache mwenzio, mama yake yuko mbali, na wewe umeshasoma vitabu vingi vya kutosha. Vya kutosha! Kama sahani za ubwabwa.

Ijumaa, 7 Februari

Wametajwa wavulana watatu. Wa kwanza kasimama, kalitazama jalada, kasema, "Kitabu changu ni chekundu." Kakipindua. "Na kina kurasa nyingi." Shule nzima chini kwa kicheko. Mkuu hakucheka. Kamnyang'anya simu, na akatangaza: asiyeweza kueleza kitabu chake, simu yake inalala ofisini mpaka muhula uishe.

Nikamtupia jicho Chaji. Amekuwa rangi ya majivu. Yumo kwenye orodha ya wiki ijayo.

Nimefurahi sana. Sijui kama ni dhambi.

Jumapili, 9 Februari

Leo ghafla mimi si Profesa. Ni "dada yangu wa damu". Kaja jikoni na kitabu kwapani, kaosha na vikombe!

Anataka nisome halafu nimweleze. Nikasema kaa hapa nikusomee. Akakaa. Kabla sijamaliza ukurasa, kidole gumba kinasogea hewani peke yake, kinatafuta kioo. Akasema hawezi, kichwa chake hakikuumbwa hivyo, bora nimrekodie kwenye simu asikilize njiani.

Nikamwambia sawa, ila kitabu kinakaa kwangu. Akasema hapana, atanipa nikienda kurekodi tu, nikimaliza namrudishia. Mshenzi anajua biashara.

Chumba chenye kufuli nyumbani ni bafu peke yake. Nimejifungia humo, nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nimesoma kuanzia sura ya kwanza, kila sura rekodi yake. Bomba linadondosha matone, haliwezi kufungwa. Mama kagonga: umeanguka huko? Nikasema naoga. Mbona maji hayamwagiki? Ah, hakuuliza hilo.

Sijawahi kusoma kwa sauti mbele ya mtu. Lakini bafuni hakuna mtu. Nimemfanya mwongozaji aongee puani. Mpima ardhi nimempa sauti ya Mama akikasirika.

Ijumaa, 14 Februari

Kaongea! Chaji huyo huyo! Mikono hewani, kahema kama ana kiu, kamwigiza mwongozaji akiongea puani — puani, kama mimi! Kaongeza na bomu ambalo halimo. Shule imepiga makofi. Mkuu kavua miwani, kaifuta. "Mnaona? Kampeni inafanya kazi!"

Nimekaa mstari wa nyuma, kwenye safu ya wanaosoma tayari.

Jumatano, 19 Februari

Kuna kitu hakiko sawa. Darasani yule wa dawati la mbele, kitabu wima kama kawaida, lakini leo hatazami simu. Ana waya sikioni, kafumba macho. Nikapita karibu. Nikasikia tone. Tone. Tone. Bomba letu!

Chaji kawagawia wote. Kundi zima la wavulana wa darasa, kwenye simu. Wavulana thelathini na kitu wako bafuni kwetu.

Nilipombana, kacheka: "Wanapenda, Profesa! Wananiuliza ya sita inakuja lini. Hawajui ni wewe, nimewaambia ni redio."

Nikamwuliza kwa nini wasisome wenyewe, vitabu si wamepewa wao. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini watu hawali nyasi.

Na nikaingia kurekodi ya sita. Nifanyeje? Ndiyo njia pekee ya kujua kama yule mpima ardhi amepata maji.

Ijumaa, 21 Februari

Wamesimama wavulana saba. Saba wote, kitabu kimoja, mwongozaji anaongea puani mara saba. Hakuna mwalimu aliyejiuliza!

Halafu Mkuu kapanda jukwaani na furaha yake yote. Kwa mafanikio haya, kampeni inaongezwa. Stika ya buluu inabaki mwaka mzima. Ijumaa ijayo kikao cha wazazi, mfadhili atakuwepo, na Chaji atazungumza kwa niaba ya wavulana wote.

Mwaka mzima. Kwa sauti yangu. Nimejifungia mlango mwenyewe na ufunguo nimewapa wao.

Msichana aliyekaa jirani yangu kanong'ona, hawa wavulana wamebadilika, jamani. Ningemng'ata.

Jumamosi, 22 Februari

Nimerekodi ya tisa. Sikuanza na hadithi. Nimeanza na yaliyokuwa kifuani.

Nimesema: sikilizeni, nyie wavivu thelathini. Hii si redio, ni mimi, yule ambaye hamjui hata anakaa wapi darasani. Kitabu hiki kilikuwa mkononi mwangu kikanyang'anywa mpewe nyinyi muegemeze simu. Na huyo Mkuu wetu hawezi kutofautisha kitabu na tofali, mradi kina stika anahesabu tu. Haya. Sura ya tisa.

Halafu nimesoma vizuri kuliko siku zote.

Nikamrudishia Chaji simu na kitabu. Nilitaka ya kumi palepale — ndiyo ya mwisho! — akasema haiwezekani, kitabu kinatakiwa shuleni, vitabu vyote vya buluu vinapangwa jukwaani mfadhili avione. Hata ya tisa hajaigusa. Anasema ataisikiliza "kabla ya siku yenyewe", wenzake atawatumia baadaye.

Alhamisi, 27 Februari

Hajaisikiliza. Anatazama mtu anafungua boksi la viatu.

Ningeweza kumwambia. Nimeosha vyombo, nimenyamaza.

Ijumaa, 28 Februari

Naandikia kwenye benchi nje ya ofisi ya Mkuu.

Ukumbi ulijaa. Mama alikuwepo, kavaa gauni la harusini. Chaji ndiye aliyepewa kazi ya muziki, kwa hiyo leo simu iliruhusiwa, nayo iliunganishwa na spika kubwa mbili za ukumbini. Akaitwa jukwaani. Mpango wake — huyu mtu! — ulikuwa aweke sikioni kile kidude cha kusikilizia kisicho na waya, anisikilize polepole, arudie nyuma yangu. Kidude kakiweka. Simu kaiacha ilivyokuwa, kwenye spika. Akabonyeza kidude.

Tone. Tone. Halafu mimi. Mimi, ukubwa wa ukumbi! "Sikilizeni, nyie wavivu thelathini."

Chaji alikuwa ameshafungua mdomo arudie. Ukabaki wazi. Anabonyeza kidude sikioni, anabonyeza, simu iko mezani kwenye waya hatua nyingi kutoka kwake, na mimi naendelea: tofali, stika, vyote. Mama akageuka kunitafuta. Sijui alinijuaje, ile sauti hata mimi sikuijua. Watu walikuwa wanageuka mstari kwa mstari mpaka wakafika kwangu.

Mkuu kaikimbilia simu mwenyewe. Alipochelewa kukipata kitufe, nikawa nimeingia sura ya tisa. Mpima ardhi analamba umande kwenye jiwe. Kazima.

Na nyuma, kule kwa wavulana, mtu akapiga kelele: "Aah! Acheni iendelee!" Mwingine: "Mwalimu, hatujaisikia hiyo!" Wakapiga miguu sakafuni. Sikuwashukuru. Walishangilia umande, si kunyang'anywa kwangu.

Sasa ndani wapo Mkuu, mwalimu wa maktaba, mfadhili na Mama. Simu ya Chaji wanayo. Vitabu vyote vya buluu wamevibeba humo pia.

Chaji kakaa mwisho wa benchi. Kila baada ya muda mkono unaingia mfukoni, haukuti kitu, unatoka. Mwanzo alinitukana: umeniua, ulijua na ukanyamaza. Nikamwambia ndiyo. Halafu, chini chini: "Kwani anafika au hafiki?"

"Nani?"

"Mpima ardhi."

"Sijui," nikamwambia. "Kitabu si chako?"

Mlangoni tunasikia kila kitu. Wanasikiliza rekodi zangu, wameanza na ya kwanza. Nilidhani wanatafuta matusi mengine. Lakini matusi yako kwenye ya tisa tu, wanajua, wameyasikia na wazazi wote. Na hawairukii. Ya tatu imepita. Ya tano. Kuna mtu kacheka pale mwongozaji anapoongea puani, nadhani ni mfadhili. Mama kasema, hiyo sauti ni yangu hiyo! Mkuu kasema shii.

Ya tisa, tangu mwanzo. Tofali. Hakuna aliyezima. Umande.

Mlango umefunguliwa. Ni mwalimu wa maktaba, haniangalii usoni.

"Ya kumi iko wapi?"

"Haipo, mwalimu."

"Haipo vipi? Wanaisubiri."

"Kitabu mnacho nyinyi," nimesema. Kwa mdomo, sio hapa! "Kina stika ya buluu. Mimi siruhusiwi kukishika."

Kasimama. Kaangalia nyuma yake, ofisini. Chaji kanigusa kiwiko, ananisukuma niinuke.

Siinuki. Naandika. Mwalimu bado kasimama mlangoni.