Nguo Nyeupe ya Mashua

Siku ya pili, 4 novemba 2025

Carine, weye mutoto, nani alikuambia mama yako ni musichana ya kuvalishwa? Minye njo nilikuvalisha! Nilikufunga kitambaa ku kichwa mbele ujue jina yako. Leo uko Durban, uko na bwana, uko na frigo ya milango mbili, na unanitumia ku telefone mambo ya kuvaa na ya kutovaa. Kutovaa! Minye!

Naandika hapa, juu mu hii nyumba nikianza kusema, bantu bote banakumbuka kazi yao ya jiko. Kaye hii ya kuandikia haina miguu. Itanisikiliza mpaka mwisho.

Mambo iko hivi. Carine alilipa mashua. Haiko ya kuvukia mto — ni mashua kubwa, nyumba juu ya nyumba, bantu banalala ndani, banakula ndani, banaogelea ndani, na maji ya bure iko inje inabazunguka. Desemba inatoka Durban, inaenda kuangalia muchanga ya Mozambique, inarudi. Alilipa fasi yangu bila kuniuliza. Anasema: Mama, ulilia sana, kuja upumzike.

Martine, mutoto yangu ya pili mwenye anakaa na minye na anauza samaki ya kukauka ku soko, njo alinisomea sheria ya manguo. Muchana, mayo, kinguo ya kuogelea. Magaribi ku meza, «décontracté chic». Nilimuuliza ni nini. Anasema ni kuvaa muzuri lakini kama mutu mwenye hakujisumbua. Upumbavu! Mutu akivaa muzuri, alijisumbua!

Ku meza hakuna babuchi ya ku miguu, hakuna kaputula. Hapo tunasikilizana. Hata minye ningekataza.

Siku ya gala, ile fete kubwa: banaume koti nyeusi, banamuke robe ndefu, nyeusi inapendeza. — Eh! Mashua yote ilifiwa? Martine alicheka mpaka akakaa chini. Anasema: Mama, ile siku weye uko tayari.

Sikucheka. Niko mu nyeusi tangu Constantin, bwana yangu, alikufa, kwaresima ya mwaka ilipita. Kwetu mujane hajivuli. Familia ya bwana njo inamuvalisha nyeusi, familia ya bwana njo inamuvula: misa, kunawa, kikwembe mupya ya kujifunga, kula. Mwaka iliisha zamani. Lakini Simone, dada ya Constantin, alisema apana, mpaka Carine afike, juu ni mutoto ya kwanza na hakutupa udongo ku kaburi ya baba yake. Alikuwa na mimba, daktari alikataza safari. Muzuri. Lakini ile mimba leo inaitwa Elikia, iko na meno, inakimbia, inavunja bintu. Na Carine? Mashua!


Siku ya tatu, 5 novemba

Carine alipiga telefone. Mayo. — Mama, bote banavaa. — Bote hawakukuzaa weye. — Mama, iko ingine yenye kufunika mpaka ku magoti. — Basi ni robe, na robe niko nayo.

Nilimuambia nitaoga kama ninavyooga hapa, na ndoo, na mulango ya kufunga. Kisha anasema kwa sauti ndogo: Mama, usilete tu nyeusi, bantu bataniuliza.

Baniulize minye! Nitabaambia.

Valizi iko juu ya kitanda, wazi, inaniangalia kama mutoto ya njaa. Ndani: bikwembe mbili nyeusi, libaya nyeusi ya kuvaa juu, kitambaa nyeusi ya kichwa, viatu ya misa. Martine anasema iko kama valizi ya padri.

Kukabakia kipande moja yenye hakunisomea jana, juu courant ya umeme ilikatika na telefone yake ilikufa. Leo alisoma. «Soirée blanche». Usiku moja, bantu bote mu nyeupe, mukubwa na mutoto.

— Aaah! Uniforme! Kwa nini hawakusema vile?

Martine anasema apana Mama, haiko uniforme, kila mutu anajitafutia nyeupe yake. Nilimuambia anyamaze. Kila mutu na nyeupe yake ni soko. Fete iko na mwenyewe, na mwenye fete anachagua kitambaa moja, bote banashona, bantu banaangalia meza na banajua: ile ni familia. Mwenye fete ni Carine. Hakuchagua kitambaa. Nani atachagua? Mama yake. Atabaonyesha bale ba mashua: bantu ya kwetu Likasi hawafiki ku fete bamesambazwa kama kuku.


Siku ya ine, 6 novemba

Nilienda ku soko. Kitambaa ya bazeni nyeupe, maua inaonekana ndani ukiigeuza ku jua. Muuzaji alitaka kunipa ya chini, ile ukifua mara moja inakuwa kitambaa ya kupanguza meza. Nilimuuliza nani alimulea. Akatoa ya muzuri.

Ya Carine. Ya Nicolas, bwana yake, mwenye iko na tumbo, nilimukatia na tumbo yake. Ya Elikia. Ya Martine, hata kama haendi. Na yangu.

Yangu, ndiyo. Kitambaa kuwa mu valizi haiko kuvaa. Ile usiku nitakaa na nyeusi yangu katikati ya nyeupe yao kama kipande ya makala mu unga. Lakini iwe pale. Mutu hajui.

Nilituma Martine na ile kitambaa kwa Mado, fundi yetu ya kushona. Nilimuambia aseme tu: ni uniforme ya familia ya Mama Carine, aanze mbele ya kazi ya Noeli, mètre ya kila mutu itafuata. Martine hapendi maneno mingi na Mado, juu Mado anauliza mpaka rangi ya sabuni yako. Alisema vile, akatoka.


Siku ya Mungu, 9 novemba

Ajabu! Misa iliisha, bamama ba kwaya bananikamata mikono. Félicitations Mama Carine! Ilifika! Mungu ni mukubwa!

Kumbe habari ya mashua ilisha kutembea. Nilinyoosha mugongo. Mutu ni kuwa na heshima, lakini batoto bakifanya jambo, usifiche.

— Ni siku gani? — Desemba, mbele ya Noeli. — Na uniforme ni nyeupe? — Nyeupe, ndiyo, familia yote. — Na Carine atakuwa? — Si yeye njo alilipa!

Mama moja alilia. Niliona ni mingi juu ya mashua, lakini bantu banalia juu ya bintu yao.

Simone alikuwa anasimama karibu na bénitier, pale pa maji ya baraka, anasikia yote. Nilimusalimia. Alinigeuzia mugongo, yeye na kitambaa yake ya kichwa yenye kufungwa kama kabichi. Hata bonjour! Wivu. Afilie mbali. Aende naye azae mutoto ya Durban.


Siku ya pili, 11 novemba

Naandika mbele nisahau.

Asubui nilikuwa nachagua maharagi. Simone aliingia bila kubisha, nyuma yake Hilaire, mudogo yake na ya Constantin, na kofia mu mikono. Bulamu bawili, ndugu ya bwana, mu saa ya asubui, hawakuji kukunywa munkoyo ya mahindi.

— Mama Carine, tulisikia unajivula.

— Najivula nini?

— Nyeusi ya kaka yangu! Kitambaa nyeupe inatundikwa ku mulango ya Mado, parokia yote inajua siku, inajua nani atalipa, na shiye, familia, tunaambiwa na bamama ba kwaya! Kumbe tulikufa pamoja na Constantin?

Yesu! Njo hapo nilielewa. Nyumba ya kilio ikishona uniforme nyeupe, kila mutu mu Likasi anajua maana. Minye tu sikukumbuka, juu kichwa yangu ilikuwa mu mashua. Ule mama alilia juu ya nyeusi yangu, minye nikanyoosha mugongo kama jogoo.

Martine alitoka ku jiko, akabaeleza. Mashua. Soirée blanche. Hilaire alikaa chini.

— Mashua ya kubeba samaki?

— Ya kubeba bantu, Papa Hilaire.

— Inabapeleka wapi?

— Haibapeleki fasi. Inazunguka, inarudi Durban.

— Banalipa juu ya kurudi fasi banatokea?

— Ndiyo.

— Minye ninafanya vile kila siku na baiskeli.

Hata Simone alikaribia kucheka. Lakini alijikamata. Akanitazama, na sauti ikashuka, na Simone akishusha sauti njo unaogopa:

— Basi utakaa mu nyeupe mbele ya bantu bageni. Na mutoto mwenye hakutupa udongo ku baba yake njo atakuvalisha. Mu maji.

Hapo nilisimama. Maharagi ikamwangika chini yote.

— Simone. Mwaka iliisha, unajua iliisha. Nachemuka mu nyeusi hii mu jua, nafua usiku juu iko mbili tu, batoto ba avenue bananiita Mama Makala. Nilikuomba? Sikukuomba, na sitakuomba. Lakini uniambie: unangoja nini?

— Nangoja Carine.

— Carine anakuogopa!

— Minye?

— Weye! Ulisema ku kilio, mbele ya bote, akikanyaga Likasi utamukalisha chini mu vumbi, bashangazi bote bamutemee mate mbele aingie mu nyumba. Walimufikishia. Unafikiri mimba njo inamukataza mpaka leo?

Hilaire aliangalia kofia yake. Simone alianza kuokota maharagi, moja moja, anaiweka mu kikapu. Anasema bila kuinua macho: nilisema na machungu. Alikuwa kaka yangu.

Nami nikainama. Tuliokota pamoja. Bibi wawili chini, magoti inalia.

Kisha yeye mwenyewe alisema: Martine, piga ile telefone, nione uso yake.

Uso ya Carine ilifika, ilijaa kioo. Aliona shangazi yake, akakimbiza macho.

— Carine. Weye uko na mashua, hauna bisi ya kuja kwetu?

Alianza kulia hapo hapo. Shangazi unisamehe, shangazi nilipenda kufika, shangazi niliogopa. Simone alimuacha alie. Mwisho anamuambia: utatoa mbuzi moja, ile ni sheria, sitaivunja juu yako. Lakini chini hautakaa. Nilisema. Hilaire iko hapa, alisikia. Utatupa udongo yako, mama yako tutamuvula, kisha mwende na mashua yenu mukaivae nyeupe mpaka muchoke.

Carine anasema: nitaona na kazi.

Nitaona! Mutoto anapewa mulango wazi, anasema nitaona!

Mbele ya kutoka Simone aliuliza kama bazeni inabakia. Yeye anataka mikono ndefu. Nilimuambia ataenda kununua, haiko sadaka ya kanisa. Hilaire naye anataka chemizi. Juu ya baiskeli, nafikiri.


Siku ya tatu, 12 novemba

Mvula. Telefone kimya. Nilitoa bintu mu valizi, nikarudisha, nikatoa. Martine ananiuliza natafuta nini. Nilimuambia ajiulize yeye.


Siku ya tano, 14 novemba

Mado alituma mutu: iko na makasi mu mikono, kazi ya Noeli inamufikia mpaka ku shingo, nipeleke mètre zote kesho ao aiweke nguo yangu chini ya zingine.

Siku ile ile Carine naye iko na kitu. Alituma magaribi, sauti, Martine aliifungua nikasikia. Anasema aliomba konji, ruhusa ya kuacha kazi siku kidogo, chef yake hajajibu. Bisi ya kupita mupaka ya Kasumbalesa iko. Nicolas anasema aende. Lakini kama chef anakataa, basi mashua, Mama, tutakutana ku mashua, nitatuma mutu akupokee Durban. Na juu ya uniforme, nakuandikia hapa chini mètre ya Nicolas na yangu: kifua, kiuno, mugongo, yote.

Martine alisoma kiuno ya Carine. Nilimuambia asome tena.

Carine nilimuacha akiwa na kiuno ya kushika na mikono mbili, vidole zinagusana. Nilimushonea robe ya kwenda Durban bila kumupima, na macho tu, na ilimukaa kama ngozi. Huyu mwenye kiuno ya ku telefone sijamuona. Nani alimupima? Alijipima yeye mwenyewe, mbele ya kioo, na kamba, peke yake?

Niliuliza Martine kama mutu anaweza kujipima mugongo. Anasema apana, Mama, mikono haifiki.

Basi ile mètre ni ya uongo. Nguo ya uongo sitaibeba mu valizi, mashua ao hapana mashua.

Valizi niliifunga tupu. Nyeusi nilirudisha ku musumari.

Martine, najua unasoma kaye yangu nikilala, basi soma na hii. Kesho mbele ya soko uende kwa Mado. Ya Nicolas akate na mètre ya telefone, na tumbo yake sina neno nayo. Ya Elikia akate kubwa. Ya Simone, ile alinunua, akate, mikono ndefu, vile alitaka. Yangu akate. Ya Carine asiiguse. Aitundike ku mulango ya atelier, pale kila mutu anapita, na akiulizwa ni ya nani, aseme. Kisha uandikie dada yako maneno hii tu, usiongeze salamu: fundi iko tayari, anakungoja usimame mbele yake akupime mugongo.