Siku Niliyofundishwa Jina la Nchi Yangu

Palma, Jumanne. Tangu asubuhi mawingu yametanda na mvua haidondoki. Nguo nilizofua jana bado mbichi. Nina hasira, na nyingi ni juu yangu mwenyewe.

Wiki tatu sijaandika hapa. Nilijua nikifungua tu ukurasa huu, nitalazimika kuandika hili.

Walikuja wageni wa shirika linalotafuta watu waliopotezana na jamaa zao wakati wa kukimbia vita. Wana wafanyakazi huku kwetu na ng'ambo ya Ruvuma, Tanzania. Kiswahili hawajui, na Kireno chao ni cha salamu tu. Wakaomba mkalimani wa Kiingereza, mkuu wa shule akanitaja mimi. Ndilo somo ninalofundisha. Nilijifunza Mtwara, nilipokuwa nikiishi kwa shangazi yangu. Siku hiyo nilivaa gauni la Idi.

Wa kwanza kuongea alikuwa Bi Somoe, aliyekimbia kutoka kijiji cha Olumbi na sasa anakaa uani kwa mdogo wake, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alisimama, akatengeneza mtandio wake, akasema:

"Mimi nimebaki huku Msumbiji. Mwanangu Zaituni, wa miaka kumi na minne, alivuka mto na watu wengine kwenda Tanzania. Sijasikia habari zake mpaka leo."

Nikaanza kutafsiri. Nikasema kwa Kiingereza kwamba yeye amebaki huku, Msumbiji. Jina lilinitoka hivyohivyo, kama tunavyolisema nyumbani.

Kiongozi wa wageni akainua kalamu. "Mozambique," akasema. "Kwa Kiingereza ni Mozambique."

Nikarudia, lakini nikalitamka Kireno, Moçambique, kama tulivyosomeshwa. Akatikisa kichwa huku anatabasamu. Akaniandikia kwenye karatasi yake, akanionyesha: ile c yenye mkia haipo, hapa ni z. Wenzake wakacheka, cheko la upole, kama mtu anavyomcheka mtoto anayejifunza kutembea. Nikarudia mara ya tatu, mara ya nne. Akasema, "Vizuri sana." Nikamshukuru.

Nilimshukuru!

Kisha akatazama orodha yake na kumwita mwanamke wa pili. Uso wangu ulikuwa unawaka. Nilichotaka ni kutokosea tena, basi. Nikamgeukia yule wa pili, nikatafsiri yake yote, neno kwa neno, bila kosa. Zaituni hakutajwa.

Jina la nchi hii halikuanza kwa Wareno wala kwa Waingereza. Lilikuwa la kisiwa kimoja huko kusini, na watu wa pwani walilitamka kabla meli yoyote ya Ulaya haijatia nanga. Kila aliyekuja akalipinda kufuata ulimi wake, halafu akaliita sahihi. Sisi tukisema Msumbiji, tunaambiwa tumekosea. Maneno haya yote nilikuwa nayo jioni ile, jikoni kwangu, nikiwa peke yangu na sufuria. Mbele ya yule bwana sikuwa na hata moja.

Wiki iliyopita mkuu wa shule alinitumia ripoti yao kwenye simu, akanipongeza. Nimeisoma yote. Mozambique imeandikwa sawasawa kila ukurasa. Olumbi imeandikwa Olumba. Bi Somoe ni "mwanamke mmoja mkazi wa hapa". Hata hapo sikusema kitu, kwa sababu chini ya ujumbe kulikuwa na habari kwamba wataniita tena. Nilitaka kuitwa tena. Huo ndio ukweli.

Leo nikitoka shule nimemkuta Bi Somoe kwenye duka la pembeni ya soko, amekaa kwenye kreti akisubiri simu yake ijae chaji. Nikamsalimia, nikamuuliza anatazamia kupigiwa na nani.

"Wale wageni wako, Mwalimu. Nakuja hapa kila siku. Naogopa wakipiga kuhusu Zaituni waikute imezima."

Kila siku, wiki tatu!

Nikakaa chini karibu naye. Nikamwambia. "Mama, sikuwaambia habari za Zaituni."

Hakuelewa. "Uliongea, mwanangu. Nilikuona. Uliongea muda mrefu."

"Nilikuwa natamka jina la nchi, Mama. Walikuwa wananirekebisha."

Alinitazama sana. Sikuona hasira usoni mwake, afadhali ingekuwepo. Mwenye duka akajifanya anapanga sabuni.

"Kwa hiyo hawajui kama anatafutwa?"

"Hawajui."

Akageuza uso kwenye ukuta. Mabega yake yalitetemeka, na mimi sikuthubutu kumshika. Kisha akaniuliza, bado akiwa amenipa kisogo: "Na jina la mwanangu, kwa Kiingereza wanalisemaje?"

"Zaituni, Mama. Halibadiliki."

"Basi liandike."

Nimeliandika. Nikaongeza kovu la moto kwenye mkono wa kushoto, kigugumizi anapoharakishwa, na jina la mwanamke aliyevuka naye, kwa sababu Bi Somoe alivitaja vyote bila kupumzika, kama mtu aliyekuwa akivirudia moyoni siku zote hizi. Nimewatumia kwenye simu. Hawajajibu.

Ofisi yao iko upande wa pili wa mji. Kesho darasa langu la kwanza litanisubiri. Nitakwenda kwanza huko na Bi Somoe, na nitasema mbele yao kwamba kosa lilikuwa langu. Wasiponiita tena, wasiniite.

Ninachokiogopa ni kimoja. Yule bwana akiinua kalamu yake tena katikati ya sentensi, je, nitaendelea kusema?