Mshairi Mpelelezi wa Heru Juu

Jumatatu, 4 Novemba
Madaftari ya Kidato cha Tatu nimemaliza. Mvua. Nimerudi kwenye riwaya. Mpelelezi wangu ni mshairi aliyeishi kweli. Beti zake tulizikariri shuleni kwetu Tanga. Upelelezi nimemzulia mimi. Nimemleta Kasulu enzi za mkoloni, amtafute karani aliyeandikisha manamba, vijana wa Kiha waliopelekwa kukata mkonge. Karani alipotelea kijijini Heru Juu. Hilo sikulitunga. Bwana Salim, mwenye duka la vitenge, ni mjukuu wake. Baba yake Salim alikuja huku kumtafuta, hakumpata, akabaki kuuza nguo. Kwao wanaamini babu alioa Burundi akawasahau.

Jumatano, 6 Novemba
Sura imekaa sawa. Mshairi ametambua kwamba karani hakutoroka. Aliuawa na wazazi ambao watoto wao hawakurudi kutoka mkonge, akazikwa ndani ya zizi, kwato zikafuta alama. Nilimsomea Mama Adela, mwenye nyumba wangu, tukichambua maharage. Mwanzoni alicheka. Nilipofika kwenye zizi mikono yake ikasimama. "Nani kakuambia?" Nimetunga tu, nikasema. Akabeba ungo wake akaingia ndani.

Ijumaa, 8 Novemba
Mama Adela haitikii salamu. Mumewe, Festo, alinisubiri uani. Kwao ni Heru Juu. Baba yake, Mzee Bukuru, bado yuko huko. "Mwalimu, wewe ni mgeni hapa. Fundisha watoto." Basi. Naogopa.

Jumamosi, 9 Novemba
Nilitaka kwenda Heru Juu, kutazama tu. Bodaboda wa kwanza alikubali, akapokea simu, akakataa. Wa pili vivyo hivyo. Nimerudi nikakuta nguo zangu zimeanuliwa, zimekunjwa vizuri, ziko kitandani. Mlango niliufunga kwa ufunguo.

Jumatatu, 11 Novemba
Nimepita dukani. Salim kaniuliza kitabu kimefika wapi. Bado, nikasema. Uongo, tena mdomoni nina chai yake. Anamchukia babu yake mpaka leo, jina lake hataki wapewe watoto. Nimwambie nini? Sijui lolote. Nimebuni. Lakini ile mikono ya Mama Adela sikuibuni.

Jumatano, 13 Novemba
Festo alinifuata shuleni na pikipiki. "Mzee anakuita. Panda." Nikapanda. Kwanza nilimtumia mwalimu mwenzangu ujumbe kwamba nakwenda wapi na nani. Mihogo huku na huku, watu hakuna. Nilifikiria kuruka.

Mzee Bukuru alikuwa anaota jua, blanketi mabegani. Akawafukuza wote, hata Festo.

"Aliyekuambia habari za kwato ni nani?"

"Hakuna, Mzee. Nilifikiri tu."

Akalivuta blanketi, akanitazama.

"Kaka yangu hakurudi kutoka mkonge. Baba na wenzake wakamvizia karani. Mimi nilikuwa mtoto. Wakaniambia swaga ng'ombe zizini, wazungushe. Nikawazungusha. Hakuna aliyekuja kuniambia inatosha."

Akaonyesha kwa fimbo shamba la maharage chini ya nyumba. Zizi lilikuwa pale.

"Karani ana mtu wake?"

Yupo, nikasema. Mjini.

"Mlete nikingali hai."

Wakati wa kurudi Festo alisimamisha pikipiki njiani akalia. Nilimwambia Salim jioni ile ile. Alifunga duka.

Jumapili, 17 Novemba
Salim alikwenda na shehe na ndugu zake. Hawakuchimba. Walisoma dua ukingoni mwa shamba, miguu kwenye tope. Mama Adela hakuja. Ameniomba nihame mwezi ukiisha. Nitahama. Mzee Bukuru alikaa chini kando yao, kofia mkononi. Dua ilipokwisha akashindwa kuinuka. Festo alikuwa mbali. Salim akamtazama, akamtazama. Kisha akamwendea, akamshika makwapani, akamwinua, akamfuta tope kwenye blanketi.